Kuchagua Amplifaya Ndogo ya Valvu kwa Studio ya Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kabla Hujatoa Hela

Wapiga gitaa wanaoniletea rekodi zao nizisafishe wana malalamiko matatu tu, na yanajirudia.

Wa kwanza anasema gitaa lake limekaa kama linapigiwa ndani ya ndoo. Nikimuuliza ametumia nini, ni amplifaya ya wati 30 ambayo voliyumu yake haijawahi kupita moja na nusu, kwa sababu mama mwenye nyumba analala ukuta wa pili. Wa pili alisikia kwamba ndogo ndiyo nzuri kwa kurekodi, akanunua ya wati 1. Sasa anapiga rumba, na kila akigusa nyuzi mbili kwa pamoja sauti inakwaruza. Wa tatu hana hata rekodi. Amplifaya yake ilitumwa na shemeji aliyeko Marekani, akaichomeka ukutani, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua.

Wote watatu walianza na mashine, halafu ndipo wakaanza kuitafutia namna ya kuishi nayo. Hapa tutakwenda kinyume: sauti kwanza, kisha chumba, kisha umeme, na mashine mwisho. Ukiruka hatua utarudi kwenye ndoo.

Neno moja la kuwekana sawa. Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa nyuma ya amplifaya. Wengine huziita tyubu. Ni kitu kilekile.

## Vitu vya kuandaa

- Gitaa lako mwenyewe na waya wake. Usijaribu amplifaya kwa gitaa la muuzaji.
- Simu yenye programu ya kupimia desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Za bure zinatosha.
- Spika yoyote ya bluetooth au redio yenye nguvu kidogo.
- Tochi.
- Penseli ya mbao, au kijiti kikavu.
- Maltimita (kipimo cha umeme), au rafiki fundi umeme aliye nayo.
- Saundi kadi (kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) na maiki. Shure SM57 ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hii, na haihitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi.
- Hedifoni za kufunika masikio.
- Karatasi na kalamu. Mwishoni mwa hatua ya 6 utakuwa na mistari mitano, na hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

## Hatua ya 1: Amua kama unataka sauti safi au ya kupasuka

Amplifaya ya valvu ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake haikati sauti ghafla. Inaikunja, inaitia ukwaruzo wenye utamu. Mpiga roki na mpiga bluzi wanalipia ukwaruzo huo. Mpiga solo wa muziki wa dansi au wa benga anaukimbia: anataka kila noti isimame peke yake, kama wali uliochambuka.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Sauti safi inahitaji wati nyingi kuliko sauti iliyopasuka, hata kama zote mbili zinasikika kwa ukubwa uleule. Sababu yake ni kidole. Unapodonoa uzi, mwanzo wa noti unaruka juu sana kisha unatulia. Mruko huo waweza kuzidi wastani kwa desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 maana yake ni wati mara 10. Ukipiga kwa wastani wa wati 1, kila mdonoo unaomba wati 10 kwa kitambo kidogo. Amplifaya isipokuwa nazo, mdonoo unapasuka. Ndicho kilichompata yule bwana wa rumba.

Chukua rekodi tatu unazotamani gitaa lako lifanane nazo. Zisikilize kwa hedifoni, ukiangalia gitaa pekee. Kisha andika neno moja kwenye karatasi: *safi*, *ukingoni* (safi ukipiga polepole, inakwaruza ukikaza mkono), au *imepasuka*.

Ukiandika maneno mawili, hatua hii bado hujaimaliza. Chagua lile utakalorekodi mara nyingi zaidi. Lingine utalipata kwa pedali, kile kisanduku cha mguuni cha kubadilishia sauti.

## Hatua ya 2: Pima chumba, na uvumilivu wa jirani

Weka ile spika ya bluetooth pale itakapokaa amplifaya. Piga rekodi ya gitaa tupu. Simama mita 1 mbele yake na simu mkononi, ongeza sauti taratibu, na mtu mwingine awe nje kwenye ukuta wa jirani au kwenye korido. Akisema "hapo hapana," soma namba.

Nyumba nyingi za kupanga nilizopima, ukuta wa tofali na madirisha ya vioo, kikomo cha mchana kinaangukia kama desibeli 85. Kipimo cha simu kinaweza kukosea kidogo, ila kwa kazi yetu kinatosha. Andika namba yako.

Kabla hujazima, sikiliza chumba chenyewe. Piga noti moja moja, kuanzia uzi mnene kupanda juu, bila kuruka hata moja. Mahali fulani kitu kitalia: kioo cha dirisha, kitasa cha mlango, mfuniko wa sufuria. Kwangu ilikuwa nondo ya dirishani iliyokuwa ikiamka kwenye noti ya A peke yake, na nilirekodi nyimbo mbili nzima nikiilaumu spika. Kabari ya karatasi ikamaliza kazi.

*Onyo:* usipime saa nne asubuhi ukategemea kurekodi saa tano usiku. Pima saa utakayofanyia kazi.

## Hatua ya 3: Geuza namba yako kuwa wati

Spika nzuri ya gitaa hutoa kama desibeli 97 kwa mita 1 ikipewa wati 1. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ukizidisha mara kumi unaongeza 10, na sikio linaona kama sauti imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo, kwa spika hiyo:

- wati 0.1 ni desibeli 87
- wati 1 ni desibeli 97
- wati 5 ni desibeli 104
- wati 15 ni kama desibeli 109
- wati 30 ni kama desibeli 112

Zitazame vizuri. Amplifaya ya wati 15 ina nusu ya wati za ile ya 30, lakini tofauti yake masikioni ni ndogo. Na ile "ndogo" ya wati 5 ikifunguliwa yote ni desibeli 104 mita moja kutoka kwako. Hilo si jambo la chumbani. Desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndipo wataalamu wa afya kazini wanapoanza kuhofia masikio.

Sasa tumia neno lako la hatua ya 1.

Uliandika *imepasuka*, na kikomo chako ni 85. Hata wati 0.1 ikifunguliwa hadi mwisho inakupita kidogo. Una njia mbili: amplifaya ya wati 1 au pungufu yenye swichi ya kushusha nguvu, au amplifaya yoyote nzuri unayoinyamazisha kwa njia ya hatua ya 6. Usinunue ya wati 5 isiyo na swichi ukitegemea kuifungua. Hutaifungua.

Uliandika *safi*, na kikomo ni 85. Wastani wa 85 kwenye spika ya 97 unatumia pungufu ya wati 0.1, na midonoo inaomba kama 0.6. Wati zilizoandikwa kwenye amplifaya kwa kawaida zinahesabu na ukwaruzo ndani yake, kwa hiyo zihesabu nusu tu kuwa safi. Ya wati 1 ina nusu wati safi: haitoshi. Ya wati 5 ina ziada. Kikomo chako kikiwa 90 au zaidi, panda hadi wati 12 au 15 usiwe na wasiwasi.

Uliandika *ukingoni*. Wati 5 yenye swichi ya kushusha ndiyo rafiki yako, kwa kuwa utaihamisha hamisha ile sehemu inapoanza kukwaruza.

Mtu wa wati 30 mwenye mama mwenye nyumba hayumo kwenye orodha hii. Auze.

## Hatua ya 4: Angalia spika kabla ya jina la kampuni

Amplifaya ndogo huja na spika za inchi 6, 8, 10 au 12. Ya inchi 6 na 8 ina sauti ya sanduku: besi finyu, katikati pamejaa. Katika wimbo wenye vyombo vingi hilo linaweza kuwa jambo jema, gitaa linajipenyeza lenyewe. Lakini gitaa likiwa peke yake na muimbaji, utalisikia sanduku.

La pili ni ufanisi wake. Spika nyingi ndogo hazifiki 97. Tuseme yako ni 91. Kwa wastani wa desibeli 85 sasa unahitaji wati 0.25, na midonoo 2.5. Amplifaya ya wati 5 iliyokuwa na ziada tele sasa iko ukingoni, na hujabadilisha kitu zaidi ya spika. Ndiyo maana watu wawili wenye amplifaya za wati 5 wanabishana kama "wati 5 ni safi" na wote wawili wanasema kweli.

Chaguo langu kwa sauti safi ni inchi 10 au 12. Kwa iliyopasuka, inchi 8 inavumilika. Inchi 6 nisingeinunua kama ndiyo pekee nyumbani.

Hakikisha pia amplifaya ina tundu la kuchomekea spika ya nje. Siku ukipata kabati la spika ya inchi 12 utapata amplifaya mpya kwa bei ya mbao.

## Hatua ya 5: Umeme

Tanzania tunatumia volti 230 na hezi 50. Kenya na Uganda ni volti 240, hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100. Uingereza ni 230 na hezi 50, na plagi yao ni hii hii yetu ya pini tatu za bapa.

Kwa hiyo amplifaya iliyotoka Uingereza unachomeka na kupiga. Ya Dubai au Muscat, vivyo hivyo kwa kawaida. Ya Ujerumani inataka plagi nyingine tu. Ya Marekani na ya Japani zinataka transfoma ya kushusha umeme, na hapo ndipo pesa zinapoungulia.

Geuza amplifaya, washa tochi, soma kibandiko karibu na waya wa umeme. Usimuulize muuzaji. Kibandiko kitasema volti, hezi, na wati au ampea inazovuta. Kikisema 120V peke yake, ni ya Marekani, hata kama mtu amekwisha kuifunga plagi ya pini tatu. Plagi haibadilishi transfoma iliyo ndani.

Ukiamua kuichukua hivyohivyo, zingatia haya:

Transfoma ya kushusha iwe ya nyaya na chuma, ile nzito, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Amplifaya ya "wati 15" haivuti wati 15 ukutani. Valvu mbili kubwa za nguvu, za EL84, na tatu ndogo za 12AX7 zinameza kama wati 15 kwa kuwasha tu vile vinyuzi vya ndani vinavyong'aa, hujagusa gitaa.

Ya Japani isipewe transfoma ya volti 110. Hiyo ni asilimia 10 zaidi ya inachotaka, na siku umeme wa mtaani ukipanda, valvu zinakula zaidi. Tafuta ya kushusha hadi 100.

Hezi haishushwi na transfoma. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu ikiwekwa kwenye 50 inapata moto zaidi. Kama kibandiko kinasema 50/60, usijali.

Baada ya hapo, pima soketi yako. Mwite fundi, au tumia kile kipimo cha plagi chenye taa tatu. Unachotafuta ni ethi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu ukutani ambalo nyuma yake hakuna kitu. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya. Ukiwa umeshika nyuzi, mdomo ukagusa maiki iliyoungwa kwenye chombo chenye ethi tofauti, utapigwa. Wengine wamepigwa vibaya.

*Onyo ambalo halina mjadala:* usikate wala usivunje pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Mvumo ni kero, pini ya ethi ni uhai.

Umeme wa mtaani kwako ukiwa unapanda na kushuka, weka stabilaiza. Ukitumia inveta ya sola, iwe ya ile inayotoa wimbi laini kamili. Zile za bei rahisi zinatia mlio wa nyuki kwenye kila rekodi, na hakuna programu ya kuuondoa vizuri.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mambo mawili kwenye karatasi: volti ya ukutani iliyopimwa, na neno *ethi ipo*.

## Hatua ya 6: Soma matundu ya nyuma

Uamuzi wa mwisho kabla ya kuchagua mashine ni huu: utarekodi kwa maiki mbele ya spika, au kwa waya moja kwa moja?

Njia ya waya ina aina mbili. Amplifaya nyingine zina tundu la kutolea sauti iliyokwisha kuigiza spika. Hilo linaingia kwenye saundi kadi bila shida. Aina ya pili ni kuunga tundu la spika kwenye kisanduku cha mzigo, kama Two Notes Captor, ambacho kinapokea nguvu yote badala ya spika na kutoa sauti ndogo ya kurekodi. Kwenye kompyuta unaweka faili ya IR, ambayo ni alama ya sauti ya spika fulani iliyopigwa maiki na mtu mwingine. Amplifaya imefunguliwa hadi mwisho, mtoto amelala chumba cha pili.

Kwa aliyeandika *imepasuka* na anaishi nyumba ya kupanga, naona hii ndiyo njia. Huhangaiki na wati tena, nunua sauti unayoipenda.

Makosa mawili ya hatua hii yameua amplifaya nyingi kuliko uzee:

Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika wala kisanduku cha mzigo kuungwa. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea na kuichoma, na transfoma hiyo ni kati ya vitu ghali kabisa ndani. Amplifaya za transista husamehe kosa hili. Za valvu hazisamehi.

Usichomeke tundu la spika kwenye saundi kadi. Utaua vyote viwili kwa mkupuo.

Omu nazo, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, zilingane. Tundu la omu 8 linataka spika au kisanduku cha omu 8. Waya uwe wa spika, ule mnene wa nyaya mbili. Waya wa gitaa unafanana kwa plagi lakini ni mwembamba ndani, unapata moto.

Sasa karatasi yako ina mistari mitano: neno la sauti, kikomo cha desibeli, wati, ukubwa wa spika, na njia ya kurekodi. Juu yake andika volti kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 7: Linganisha karatasi na mashine zilizopo

Sitaorodhesha kila kitu. Hizi ni zile ambazo tabia zake nazijua.

*Safi, chumba kinaruhusu:* Fender Princeton Reverb, wati 12 hadi 15 kutegemea toleo, valvu mbili za 6V6, spika ya inchi 10. Kwa solo ya dansi sijapata iliyo bora kwa ukubwa huu, ila bei yake inauma. Fender Blues Junior, wati 15, EL84 mbili, inchi 12, hupatikana kwa urahisi zaidi ikiwa ya mtumba. Vox AC15 ina ukubwa huohuo, lakini sauti zake za juu zinang'aa na inaanza kukwaruza mapema zaidi. Mpiga ridhim atafurahi, mpiga solo asikilize kwanza.

*Ukingoni:* Vox AC4TV ina EL84 moja na swichi ya wati 4, 1 na robo. Bugera V5 ina wati 5, 1 na 0.1, spika ya inchi 8, na bei yake ni ya huruma. Fender Champion 600 ni wati 5 na inchi 6. Nimekwisha kusema kuhusu inchi 6.

*Imepasuka, chumba kidogo:* Marshall DSL1 ya wati 1 inayoshuka hadi 0.1, au Blackstar HT-1 ya wati 1.

Kuna na mchanganyiko: amplifaya yenye valvu moja mbele na transista nyuma, kama Orange Micro Terror. Si kitu kibaya, lakini kioo kinachowaka kisikudanganye kwamba yote ni valvu. Ukwaruzo wa valvu za nyuma, ule unaojibu mkono, hauna.

Kama unapenda mashine fulani lakini inakwaruza mapema mno, kuna ujanja mmoja wa bei nafuu. Valvu ndogo ya kwanza, ile iliyo karibu na tundu la gitaa, mara nyingi ni 12AX7, inayokuza mara 100. Ukiweka 12AY7, inayokuza mara 44 hivi na yenye pini zilezile, unapata nafasi ya usafi bila kufungua bodi. Muuzaji akikuambia hana 12AX7 bali ana ECC83, usibishane naye. Ni valvu hiyohiyo, jina la Ulaya.

## Hatua ya 8: Kagua ya mtumba bila haraka

Niliwahi kununua amplifaya baada ya kuisikiliza dakika mbili kwenye baraza la mtu. Ilikuwa tamu. Nyumbani, dakika ya kumi na mbili, ikaanza kukaanga kama samaki, na simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Tangu siku hiyo nakaa nusu saa, muuzaji akinuna na anune.

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, ikiwa imezimwa na imepoa, angalia valvu kwa tochi. Kileleni au ubavuni kwa ndani kuna doa la rangi ya fedha. Likiwa la fedha au la kijivu kilichokolea, sawa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu hiyo imekufa.

Washa, gitaa halijachomekwa, voliyumu chini. Mvumo mdogo ni wa kawaida, hasa kwa zenye valvu moja ya nguvu. Panda voliyumu hadi nusu: utasikia upepo. Upepo ni sawa. Milio ya kukatakata si sawa.

Zima taa ya chumba, tazama valvu kubwa. Kinyuzi cha katikati kinawaka machungwa, ndivyo inavyotakiwa. Mwanga wa buluu kwenye kioo hauna neno. Lakini bamba la chuma linalozunguka likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo. Valvu inavutishwa umeme kupita kiasi, na tatizo laweza kuwa si valvu yenyewe. Yangu ile ilikuwa hivyo.

Chukua penseli, gonga kila valvu ndogo polepole. Tiki hafifu kwenye spika ni kawaida. Ikilia kama kengele na mlio ukabaki hewani, inanasa mitikisiko, na kwenye rekodi utausikia. Kubadilisha valvu moja si ghali. Tumia hilo kushusha bei.

Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo wa vumbi unasafishika.

Nusa. Karibu na transfoma pasiwe na harufu ya nta iliyoungua.

Kisha piga. Dakika 20 mfululizo, noti nene, kodi nzito (nyuzi kadhaa kwa pamoja), kimya, tena. Hitilafu za joto hazijitokezi kabla ya hapo.

*Onyo:* usifungue bodi ya amplifaya ya valvu. Kapasita zake hubaki na volti 300 au 400 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi aliyezoea vyombo vya valvu, na mara nyingi utampata kati ya wale wazee waliotengeneza redio za zamani.

## Hatua ya 9: Rekodi ya jaribio

Muuzaji akikubali, beba saundi kadi na kompyuta. Asipokubali, omba siku mbili za kurudisha, kwa maandishi.

Iweke amplifaya juu ya kiti au stuli, chini yake blanketi lililokunjwa, isigusane na sakafu ya vigae. Mulika tochi kupitia kitambaa cha spika. Utaona kifuniko cha mviringo katikati. Elekeza maiki kwenye ukingo wa kifuniko hicho, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye kitambaa. Katikati kabisa sauti ni kali, inachoma. Ukisogea kuelekea pembeni inapata joto na giza. Sogeza sentimita 2 kwa wakati mmoja, urekodi kila mara, na ukipata pazuri weka alama ya chaki.

Rekodi kwa biti 24. Vilele vikae kati ya desibeli -18 na -10 kwenye mita ya programu ya kurekodi. Usifukuze taa nyekundu.

Sasa sikiliza ndani ya wimbo, usisikilize gitaa peke yake. Zima riverbu (mwangwi) ya amplifaya, utaiweka baadaye kwenye kompyuta.

Imefaulu ikiwa noti ya chini haifuniki besi, ukikaza mkono sauti inafanya lile neno uliloandika hatua ya 1, na katikati ya noti unasikia kimya. Ikisikika ndoo, rudi kwenye maiki kabla hujailaumu mashine. Mara nyingi ni sentimita.

## Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Nunua valvu ndogo moja ya akiba na seti ya kubwa. JJ za Slovakia zinapatikana kirahisi na hazina maringo. Amplifaya zenye valvu moja ya nguvu kwa kawaida hujirekebisha zenyewe ukibadilisha. Za valvu mbili, uliza fundi kwanza. Subiri zipoe kabla ya kuzigusa, na uvute wima bila kuzungusha.

Nunua fyuzi tatu za namba ileile iliyoandikwa nyuma, pamoja na herufi yake. Ikiwa na T mbele ni ya kuchelewa kukatika, usiweke ya kawaida. Na usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara.

Kwa walio pwani, Dar, Mombasa, Unguja: chumvi ya hewani inakula miguu ya valvu na soketi zake, na karatasi ya spika inalegea kwa unyevu. Funika kwa kitambaa cha pamba ikishapoa, usifunike kwa nailoni kwa sababu inafungia unyevu ndani. Washa angalau mara moja kwa wiki, nusu saa, hata kama hurekodi. Joto lake lenyewe linaikausha.